Mshamba ni Nani? Pengo la Mji na Kijiji Nchini Uchina

(Mada hii ilitolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya Swala ya Taraweh. Tumeiandika hapa karibu kama ilivyosemwa.)



Himdi zote ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Wazee wetu, kina mama, ndugu zangu vijana. Najua mumefunga mchana kutwa, mumeswali, na wengine wenu kesho mna kazi asubuhi mapema. Sitawaweka sana. Lakini naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu mada ya leo ina hesabu ndani yake, na hesabu baada ya futari huleta usingizi.

Nianze na neno moja: mshamba. Kijana akibabaika kuvuka barabara mjini, huitwa mshamba. Msichana akija kwa shangazi yake na nguo ambazo zimepitwa na wakati, wenzake hucheka: mshamba huyo. Sasa hebu tulitazame neno lenyewe. Mshamba ni mtu wa shamba. Muhogo, mchele, maharagwe na ndizi tulizofuturia leo zimetoka mkononi mwake. Vipi basi jina la anayetulisha likageuka kuwa tusi? Na suali kubwa kuliko hilo: kwa nini yeye anayelisha wenzake ndiye mara nyingi mwenye pato dogo kuliko wote?

Wengi wetu tuna jibu tayari. Twasema hakusoma. Twasema ni mzito, hajui kutafuta. Ama twasema ndivyo riziki ilivyogawanywa. Leo nataka tulipime jibu hilo kwa kutazama nchi moja kubwa, Uchina. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ndiyo nchi ya pili kwa ukubwa wa uchumi duniani, na bidhaa zake tunazo majumbani: chupa ya chai, taa, simu, hata tasbihi nyengine. Pili, sheria zake kuhusu mji na kijiji zina tarehe zinazojulikana, kwa hivyo mtu aweza kuona pengo likipanuka na kupungua, na akajua lilipanuliwa na nini na likapunguzwa na nini.

Hesabu kwanza

Serikali ya Uchina hutangaza kila mwaka pato la mtu wa mjini na la mtu wa kijijini, yaani wastani wa kile kinachobaki mkononi baada ya kodi na makato. Mwaka 1978 mtu wa mjini alipata yuan 343 kwa mwaka, wa kijijini yuan 134. Kwa maneno mepesi, wa kijiji alipopata 100, wa mji alipata 257.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1983, wa kijiji alipopata 100, wa mji alipata 182 tu. Pengo lilipungua sana, na kwa muda mfupi.

Kisha likapanuka. Mwaka 2007, kwa hesabu zilizotangazwa wakati huo, wa mjini alipata yuan 13,786 na wa kijijini yuan 4,140. Hiyo ni 333 kwa 100. Baada ya hapo likaanza kupungua tena polepole, hata kufikia mwaka 2024 likawa 234 kwa 100: yuan 54,188 mjini na yuan 23,119 kijijini. Namna ya kuhesabu ilibadilishwa kidogo mwaka 2013, kwa hivyo tusigombane juu ya tarakimu ya mwisho. Tutazame mwendo wenyewe.

Sasa niwaulize. Kati ya mwaka 1978 na 1983, wakulima wa Uchina waliacha uvivu kwa ghafla? Halafu mpaka kufikia 2007 wakawa wavivu tena? Hapana. Watu ni wale wale, na ardhi ni ile ile. Kilichobadilika ni kanuni, na kanuni huandikwa na watu.

Daftari lililogawa nchi

Mwaka 1953 serikali mpya ya Uchina ilijipa peke yake haki ya kununua nafaka kwa mkulima. Bei aliipanga yenyewe, na ilikuwa ya chini. Nia ilikuwa chakula kiwe rahisi mjini, ili wafanyakazi wa viwanda walipwe kidogo na fedha nyingi ziende kujenga viwanda vya chuma na mashine. Upande wa pili, bidhaa za kiwandani alizohitaji mkulima ziliuzwa ghali. Wanauchumi huita jambo hili mkasi wa bei. Ubao mmoja wa mkasi unashuka na mwengine unapanda, na anayekatwa yuko katikati.

Lakini mkulima naye ana akili. Akiona shambani hakulipi, atafunga mzigo aende mjini. Basi mwezi wa Januari mwaka 1958 ikapitishwa sheria ya kusajili kila nyumba. Kwa Kichina daftari hilo huitwa hukou. Kila mtu aliandikwa ni wa mahali gani na ni wa aina gani: wa kilimo au si wa kilimo. Aliyeandikwa wa mjini alipata tikiti za mgao wa chakula, kazi ya serikali, nyumba, hospitali na malipo ya uzeeni. Aliyeandikwa wa kilimo alipata sehemu yake katika mavuno ya kijiji, basi. Kuhamia mjini bila ruhusa ilikuwa kazi bure, maana bila tikiti ya mgao hata unga wa kununua huupati.

Na daftari hilo lilirithiwa. Mpaka mwaka 1998 mtoto alifuata daftari la mamake. Baba aweza kuwa mwalimu mjini, lakini mama akiwa wa kilimo, mtoto ni wa kilimo. Mtoto angali tumboni, na tayari pato lake lishaanza kuandikwa.

Wazee walio hapa watakumbuka hadithi za babu zao kuhusu kipande. Kwa sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mwanamume Mwafrika katika Kenya alilazimishwa kubeba hati yake ya kazi, mara nyingi ndani ya kijikasha cha chuma kilichoning'inia shingoni. Kipande na hukou si kitu kimoja. Kipande kilikuwa cha mkoloni na cha rangi ya ngozi, na hukou iliandikwa na Wachina kwa Wachina wenzao. Lakini anayejua kipande hahitaji kuelezwa sana jinsi karatasi inavyoweza kumfunga mtu miguu bila kamba.

Gharama yake ilionekana haraka. Kati ya mwaka 1959 na 1961 Uchina ilipatwa na njaa kubwa mno. Wanahistoria hawakubaliani juu ya idadi ya waliokufa, lakini wote wanazungumza juu ya mamilioni mengi, wengi wao wakadiria zaidi ya milioni 15, na wengine zaidi ya hapo sana. Waliokufa wengi wao walikuwa wakulima. Yaani waliokufa kwa njaa ni wale wale waliolima chakula, kwa sababu nafaka iliendelea kuchukuliwa vijijini kulisha miji, na nyengine ikasafirishwa nje ya nchi. Tafadhali mlikumbuke jambo hili siku mtakaposikia mtu akisema kuwa mwenye shamba hawezi kulala njaa.

Alama za vidole za Xiaogang

Pengo lilipungua vipi baada ya 1978? Majira ya baridi ya mwaka huo, katika kijiji kimoja kiitwacho Xiaogang, jimbo la Anhui, wakulima wa nyumba 18 walikutana kwa siri. Wakati huo ardhi yote ililimwa kwa pamoja na mavuno yakagawanywa kwa pamoja, na wao walikuwa wamechoka kwa njaa. Wakakubaliana kugawana mashamba, kila nyumba ilime kipande chake, itoe fungu la serikali, na kitakachobaki kiwe chake. Wakatia alama za vidole kwenye karatasi. Walijua wanaweza kufungwa, kwa hivyo wakaahidiana pia kwamba viongozi wao wakitiwa ndani, waliobaki watawalea watoto wao mpaka wafikie miaka 18.

Hawakufungwa. Mavuno yaliongezeka, na serikali badala ya kuwaadhibu ikaufanya mpango huo kuwa wa nchi nzima. Bei ya kununulia nafaka nayo ikapandishwa mwaka 1979. Hayo mawili, mkulima kupewa jasho lake na bei kupanda, ndiyo yaliyolishusha pengo mpaka 182 kwa 100.

Mbona basi likapanuka tena? Kuanzia katikati ya miaka ya themanini macho ya serikali yalirudi mijini. Mji wa Shenzhen, uliofanywa eneo maalum la biashara mwaka 1980, ulijaa viwanda vya kuuza nje. Barabara, vyuo, hospitali kubwa, vyote vilijengwa mjini. Vijijini, ofisi za serikali ndogo hazikuwa na fedha, zikawatoza wakulima kodi juu ya kodi: ada ya shule, ada ya barabara, ada ya hiki na kile. Aliye na pato dogo ndiye aliyejijengea shule yake mwenyewe.

Na kuna jambo la nyumba, ambalo watu husahau. Mwaka 1998 Uchina ilibadilisha mpango wa nyumba za mijini. Familia nyingi za mjini ziliuziwa kwa bei nafuu nyumba walizokuwa wakikaa, na bei za nyumba hizo baadaye zikapanda sana. Mtu wa kijiji naye ana nyumba na ana shamba, lakini ardhi ni mali ya kijiji kizima. Hana ruhusa ya kumuuzia mtu wa mjini nyumba yake. Mji ukipanuka ukafika shambani kwake, serikali ya mahali humlipa fidia, kisha huuza haki ya kutumia ardhi ile kwa wajenzi kwa bei kubwa zaidi. Kwa hivyo mmoja aliamka akajikuta tajiri bila kutoka kitandani, na mwenzake akaona utajiri ukipita juu ya ardhi yake.

Anayejenga mji bila kuwa wa mji

Viwanda vilitaka mikono, na mikono iko kijijini. Serikali ikalegeza kamba. Mkulima akaruhusiwa kwenda mjini kufanya kazi, lakini daftari lake likabaki kijijini. Ndio hao wajengao maghorofa, washonao nguo, waundao simu, wapelekao vyakula majumbani kwa pikipiki. Mwaka 2024 idadi yao ilikuwa karibu milioni 300. Hiyo ni mara kadhaa ya watu wote wa Kenya.

Mwaka 2023, katika kila Wachina 100, kama 66 walikuwa wakiishi mijini. Lakini waliokuwa na daftari la mjini ni kama 48 tu. Wale 18 waliobaki, katika nchi ya watu bilioni 1.4, ni karibu watu milioni 250. Wanaishi mjini, wanafanya kazi mjini, wanalipa kodi ya nyumba mjini, lakini katika vitabu si wa mjini.

Niwape kisa kimoja kilichotikisa nchi. Mwezi Machi mwaka 2003, katika mji wa Guangzhou, kijana wa miaka 27 jina lake Sun Zhigang alikamatwa na polisi njiani. Alitoka jimbo la Hubei, alikuwa amehitimu chuo, na alikuwa na kazi. Kosa lake ni kuwa hakuwa na kibali cha muda cha kukaa mjini. Alipigwa akiwa kizuizini, akafa. Magazeti yaliandika, wasomi wa sheria wakaandika barua, na mwezi Juni mwaka huo huo serikali ikafuta kanuni iliyoruhusu watu kukamatwa na kurudishwa kwao kwa kukosa kibali. Kanuni iliyodumu zaidi ya miaka 20 ikaanguka kwa miezi mitatu, lakini ilimlazimu kijana mmoja afe kwanza.

Na watoto? Mtoto wa mfanyakazi huyu kupata nafasi katika shule ya serikali mjini kulikuwa kugumu kwa miaka mingi, na hata leo katika miji mikubwa kuna masharti mengi. Mtihani wa kuingia chuo kikuu kwa kawaida hufanywa katika jimbo lililoandikwa kwenye daftari. Kwa hivyo wazazi wengi huwaacha watoto kijijini na nyanya zao. Kwa makadirio yaliyotokana na sensa ya mwaka 2010, watoto waliobaki vijijini bila mzazi mmoja au wote wawili walikuwa kama milioni 61. Wengi humuona mama mara moja kwa mwaka, wakati wa sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina, ambapo treni na mabasi hujaa kuliko wakati wowote duniani. Pesa zinatumwa, nyumba ya kijijini inaezekwa upya, kuna televisheni kubwa ukutani. Lakini mtoto anamwita mamake kwa aibu, kama mgeni.

Wazazi wangu, hapa nataka tutulie kidogo. Hesabu ya pato huandika pesa aliyotuma mama, haiandiki kwamba mama hayupo. Ukisoma kuwa pato la kijiji limeongezeka, uliza limeongezeka kwa shamba au kwa watu kuondoka.

Kilichopunguza pengo

Sasa tuje kwenye kheri, maana haki ni kusema yote. Tangu mwaka 2003 serikali ya Uchina ilianza kubadilisha kanuni moja baada ya nyengine. Mwaka huo ilianza bima ya afya ya vijijini. Tarehe 1 Januari 2006 ikafuta kodi ya kilimo, kodi ambayo kwa sura moja au nyengine ilitozwa tangu enzi za wafalme wa kale. Karibu na wakati huo ada za shule za msingi vijijini zikaondolewa. Mwaka 2009 kukaanza malipo ya uzeeni kwa watu wa vijijini. Mwaka 2014 serikali ikatangaza kuondoa ile tofauti ya daftari la kilimo na lisilo la kilimo, na miji midogo ikafunguliwa. Miji mikubwa kama Beijing na Shanghai bado huchagua watu kwa alama: elimu, kazi, miaka ya kulipa bima.

Kisha kuanzia 2013 mpaka 2020 kukawa na kampeni ya kuondoa umaskini mkubwa. Wilaya 832 zilizoandikwa kuwa maskini zilitangazwa zote kutoka katika orodha hiyo, na serikali ilisema watu karibu milioni 99 wametoka chini ya kiwango chake cha umaskini.

Mfano mmoja unatuhusu kwa karibu, kwa sababu wengi wa watu wake ni ndugu zetu Waislamu wa kabila la Hui. Katika jimbo la Ningxia kuna milima mikavu iitwayo Xihaigu. Mvua ni haba, na maji ya kunywa yalichotwa mbali. Mwaka 1996 jimbo tajiri la pwani, Fujian, lilipewa jukumu la kusaidia Ningxia. Mwaka 1997 kukaanzishwa kijiji kipya karibu na mji wa Yinchuan, kwenye tambarare inayopata maji ya Mto Manjano, kikaitwa Minning. Watu wa milimani wakahamia hapo. Wataalamu kutoka Fujian wakawafundisha kulima uyoga, na wengine wakafuga ng'ombe. Palipokuwa jangwa pana mji wenye zaidi ya watu 60,000 leo.

Je, hayo yote yamemaliza kazi? La. Nitawapa sababu tatu.

Ya kwanza, kiwango cha umaskini kilichotumika ni cha chini. Mwezi Mei mwaka 2020, mwaka ule ule wa ushindi, waziri mkuu Li Keqiang alisema hadharani kwamba Wachina milioni 600 walikuwa na pato la kama yuan 1,000 tu kwa mwezi, na kwamba katika mji wa wastani fedha hizo hazitoshi hata kukodi chumba.

Ya pili, malipo ya uzeeni. Mwaka 2009 mzee wa kijijini alianza na kima cha chini cha yuan 55 kwa mwezi. Mwaka 2024 kima hicho kilikuwa yuan 123. Mstaafu wa kiwanda mjini alipata kwa wastani zaidi ya yuan 3,000. Mzee aliyelima nafaka miaka 40 kulisha viwanda, uzeeni anapata chini ya sehemu moja ya kumi ya anachopata aliyekuwa kiwandani.

Ya tatu ni mtego wa hesabu, na vijana wa shule wauangalie vizuri. Uwiano umeshuka kutoka 333 mpaka 234. Lakini ukitoa moja kwa jengine, mwaka 2007 tofauti ya mtu wa mji na wa kijiji ilikuwa yuan 9,646, na mwaka 2024 ilikuwa yuan 31,069. Bei za vitu zimepanda, ni kweli, lakini hata hivyo pengo la mkononi limekua. Mmoja akisema pengo limepungua na mwengine akisema limeongezeka, wote wawili wana tarakimu za kweli. Kwa hivyo msimruhusu mtu yeyote, wa serikali wala wa upinzani, awape tarakimu moja akafunga mjadala.

Brazil ilifanya nini

Kuna nchi nyengine kubwa iliyochukua njia tofauti kwa wazee wake. Brazil, katika katiba yake ya mwaka 1988 na sheria zilizofuata mwaka 1991, iliamua kwamba mkulima mdogo akifika miaka 60, na mwanamke mkulima miaka 55, atapata malipo ya uzeeni yasiyopungua mshahara wa chini kabisa wa nchi. Hakuulizwa alikatwa kiasi gani kila mwezi, maana hakuwa na mwajiri wa kumkata. Aliulizwa athibitishe kuwa alilima. Nyanya wa kijijini akawa ndiye nguzo ya nyumba. Bado Brazil ina pengo kubwa sana baina ya tajiri na maskini, nisije nikawadanganya. Lakini katika hili la wazee ilikubali jambo ambalo Uchina bado inasitasita nalo: kwamba kulima ni kazi, na kazi ina stahiki yake.

Na sisi Waislamu si wageni wa fikra hii. Abu Ubaid, katika kitabu chake cha Al-Amwal, anasimulia habari za Muadh bin Jabal alipokuwa Yemen, na Sayyidna Umar yuko Madina akiwa khalifa. Muadh alipeleka sehemu ya zaka ya Yemen Madina. Umar hakufurahi, akamuuliza kwa nini, maana hakumtuma kukusanya mali ya watu bali kuitoa kwa matajiri wao na kuirudisha kwa maskini wao. Muadh akamjibu kuwa hakuna aliyebaki kule wa kuipokea. Angalieni nani aliyekuwa na wasiwasi. Mji mkuu unaletewa mali, na mkuu wa mji mkuu ndiye anayeuliza kama kule ilikotoka watu wameshashiba.

Kwetu sisi

Mutasema, sisi si Wachina, na sheria za Beijing hatuziandiki sisi. Kweli. Lakini nina mambo manne ya kubeba nyumbani.

La kwanza, tuuone mkono wa kanuni. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 204, imeweka Hazina ya Usawazishaji: nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma, kwa muda wa miaka 20. Fedha hizo zilichelewa kwa miaka. Kijana wa Tana River ama Wajir au Kwale asome kifungu hicho, kisha amuulize mwakilishi wake kwa adabu: yetu iko wapi? Hakuna anayekudai usilolijua.

La pili ni kwa ninyi mlioko mjini na mnatuma pesa kwa simu kila mwisho wa mwezi. Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini pesa ya simu hununua unga, haileti daktari kijijini. Wachina wale milioni 300 wametuma pesa miaka 40, na kilichopunguza pengo ni pale shule, afya na kodi zilipobadilishwa. Tuma, na pia ungana na wenzako wa kijiji kimoja mudai zahanati.

La tatu liko ndani ya nyumba zetu, mwezi huu huu. Msichana anayetupikia futari, mzee anayelinda geti usiku tunapokuja kuswali, wengi wao wametoka mashambani na wameacha watoto kule. Je, analipwa tarehe aliyoahidiwa? Anafuturu saa tunayofuturu sisi, ama baada ya kutuandalia na kuosha vyombo? Ameruhusiwa kwenda Idi kwao? Tukilia juu ya daftari la Uchina na ndani ya nyumba yetu kuna mtu wa daraja la pili, machozi hayo ni ya nini?

La nne ni ulimi. Nawaomba vijana, kuanzia usiku huu, neno mshamba tuliondoe katika matusi. Mtoto wa kijijini akija kwenu likizo, msimcheke anavyotamka maneno. Mmuulize mahindi yaliuzwa bei gani mwaka huu, na nani alipanga bei hiyo. Mtajifunza uchumi kuliko nilivyowafundisha mimi leo.

Nimesema sitawaweka, na nimewaweka. Mwenyezi Mungu atukubalie saumu zetu na swala zetu, awape nguvu wanaolima, awarudishe kwa watoto wao walio mbali kwa ajili ya riziki, na atujaalie tuwe watu wa kutoa haki kabla ya kudaiwa. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.